Mtahiniwa wa Dirishani

Rahabu alifeli kuzungumza kwa sababu ya adabu. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke mzima, muuguzi wa zahanati moja huko juu ya Soni, anayeweza kumzalisha mama huku akimfokea baba mtu asizimie mlangoni, alishuka mlima mpaka Dar es Salaam kufanya mtihani wa Kiingereza, na majibu yalipotoka yakawa kituko. Kusoma amepasua, kusikiliza amepasua, kuandika amepasua. Kuzungumza, chali.

Kilichomponza ni mtahini mwenyewe. Rahabu alitegemea kukutana na kijana, au walau mama wa makamo. Alipofungua mlango akamkuta mzee wa Kizungu, mvi kichwa kizima, miwani puani, amejikalia nyuma ya meza kama anasubiri kuletewa posa. Basi, kwisha habari. Goti likapinda lenyewe, macho yakashuka sakafuni, sauti ikawa ile anayoitumia kumkaribisha mkwe wake chakula. Mzee akamuuliza kama anaipenda kazi yake. Rahabu akajibu ndiyo. Akamuuliza kwa nini. Akajibu kwa sababu ni kazi nzuri, akashukuru. Akapewa kadi, azungumzie safari asiyoisahau kwa dakika mbili nzima. Akasema alikwenda Tanga, akarudi salama, akashukuru tena. Kisha akanyamaza, akivitazama viatu vya mtu. Mzee akasubiri. Rahabu naye akasubiri. Alijiona kaonyesha malezi mema, hata akatoka pale anatabasamu, masikini wa Mungu.

Na mtihani wenyewe haukuwa wa mchezo. Huko Ayalandi kulikuwa na nyumba ya kutunzia wazee iliyotaka wauguzi, na wakala wa Dar alikwishamwambia Rahabu kwamba nafasi yake ipo, vyeti vyake safi, kilichobaki ni hiyo alama ya kuzungumza tu. Arudie mara moja, kabla masika haijakwisha. Akianguka tena, nafasi anapewa mwingine, na yeye arudi zahanati kuendelea kuomba glavu zisizokuja. Rahabu aliitaka safari ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Mbele za watu alisema ni kwa ajili ya watoto, maana hivyo ndivyo mama mwenye akili anavyosema.

Sasa tuje nyumbani, kwenye mzizi wa fitina. Mume wa Rahabu ni Edgar, dereva wa fuso, anashusha kabichi na karoti kuzipeleka Dar. Mtu mpole, mcheshi, fundi wa kukata zile kona za Mombo akiwa anapiga mluzi, lakini mbele ya baba yake anakuwa kifaranga. Baba mwenyewe ni Mzee Fanueli, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mzee wa kanisa, mgane tangu mkewe alipofariki. Kila jioni hukaa barazani kwenye benchi lake, koti, skafu na redio, akiutazama ukungu unavyopanda kutoka bondeni na kuukosoa.

Kati ya mkwe na mkamwana, katika ukoo ule, kuna mstari ambao haukuchorwa na mtu na kila mtu anauona. Rahabu humwamkia shikamoo huku amepinda goti. Humwekea maji ya kuoga, humwandalia chakula, kisha huondoka. Hakai naye benchi moja, hamtazami machoni, na zaidi ya yote, hambishii. Akiwa na shida humwambia Edgar, Edgar humwambia Baba, na jibu hurudi kwa njia ileile, mara nyingine lisirudi kabisa.

Habari za Ayalandi zilipomfikia kwa njia hiyo, mzee alisema neno moja: "Ajaribu." Alilisema kwa kicheko cha puani. Huyu ambaye hajawahi kumaliza sentensi mbele yangu ndiye akazungumze na Wazungu? Lakini ruhusa hakutoa. Na katika nyumba ile mwanamke haendi ng'ambo bila neno la mkubwa wa ukoo. Angeondoka kama mtoro, na Edgar asingethubutu hata kumbebea begi mpaka stendi. Kwa hiyo Rahabu alikuwa na mitihani miwili, na yote miwili msimamizi wake alikuwa mzee mwenye mvi.

Aliyeugundua ugonjwa wake si daktari. Ni Mwanaisha, muuza mapeasi wa Soni, rafiki yake wa kufa na kuzikana, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa breki.

"Kiingereza unacho," Mwanaisha alimwambia, akipanga mapeasi mafungu mafungu. "Na mdomo unao, ukiwa na mimi hapa mbona unaongea mpaka wateja wananikimbia? Ugonjwa wako wewe ni wazee. Ukiona mvi unakuwa bubu. Dawa yake ni kupewa mvi kila siku mpaka uzoee."

"Mvi za nani huku zinazojua Kiingereza?"

Mwanaisha aliweka peasi chini. Alinyoosha kidole kuelekea juu mlimani, kwenye paa la nyumba ya kina Edgar, akaendelea na mapeasi yake.

"Toba," Rahabu akasema.

Alimwambia Edgar, kama ilivyo desturi. Edgar akasema, "Nitasema naye," akapakia kabichi, akaondoka. Aliporudi aliulizwa, akasema, "Nitasema naye," akapakia karoti. Mvua ya masika ikaanza kunyesha. Jioni moja Rahabu alikuwa anasonga ugali, na dirisha dogo la jiko lilikuwa wazi kutoa moshi. Dirisha lile linatokea barazani, na kupitia hapo lilionekana bega la kushoto la Mzee Fanueli. Rahabu alilitazama lile bega. Kisha akageukia sufuria, akafumba macho, akasema kwa Kiingereza:

"Baba, naomba unisaidie kujiandaa na mtihani."

Redio ikazimwa.

"Nani anazungumza?" mzee akauliza, kwa Kiingereza vilevile, kana kwamba jikoni kuna umati.

"Mtahiniwa," Rahabu akasema. Lilimtoka tu.

Na hapo mzee akanasa. Mwalimu mstaafu ni mtu wa kuonewa huruma. Miaka mingi ya kuogopwa na darasa zima, halafu ghafla hakuna anayemuuliza kitu isipokuwa kama amekula. Mzee Fanueli alikohoa, akaweka skafu sawa.

"Mtahiniwa, kaa chini."

"Nasonga ugali, Mwalimu."

"Basi songa huku unajibu. Hebu nieleze unakotoka."

Ndivyo lilivyoanza darasa la dirishani. Mzee kwenye benchi, uso bondeni. Mkamwana jikoni, uso kwenye moto. Hakuna aliyemtazama mwenzake, hakuna aliyekaa na mwenzake, na mpita njia asingeweza kusema mstari umevukwa. Tena Kiingereza hakikuwa na goti. Rahabu aligundua kwamba kwa lugha ile angeweza kumwambia mkwe wake "wewe unakosea" na mbingu zikabaki mahali pake. Kugundua na kuweza, lakini, ni vitu viwili.

"Sauti!" mzee alifoka siku za mwanzo. "Unazungumza na mimi au na ugali?"

"Na wewe, Mwalimu. Ahsante."

"Unanishukuru nini? Nimekupa nini?"

"Samahani."

"Na samahani weka kabatini. Haya, vijana wa leo wana heshima?"

"Hawana."

"Mimi nasema wanayo. Bisha."

"Wanayo, Baba."

"Aaagh! Mtahini hataki mtu wa kuitikia, hii si ibada! Anataka hoja. Nipinge, mwanamke, nipinge!"

Rahabu hakuweza. Aliungua vidole, alitokwa jasho, alijua maneno yote ya kusema na hayakutoka. Unamwambia mtu avunje kwa mdomo kitu alichofundishwa tangu hajaota meno, unadhani ni rahisi? Mzee alikasirika mpaka akakohoa. Kwake lilikuwa somo. Kwamba anamwagiza mkamwana wake ambishie, nadhani hata hakuliona.

Siku mambo yalipogeuka, Rahabu alikuwa ametoka zamu mbaya, miguu inamuuma, kuni mbichi, moshi machoni. Mzee akatoa hoja yake kutoka benchini, kwa madaha: wazee ni hazina ya hekima, na vijana wana wajibu wa kuwatii. Mtahiniwa anasemaje?

"Si wote," Rahabu akasema.

"Fafanua."

"Wengine ni wakaidi tu. Wengine wanapewa dawa za presha na muuguzi aliyesomea, wanazificha chini ya mto, halafu asubuhi wanaapa kwamba wamemeza."

Rahabu alishika mwiko kwa mikono miwili. Alijua amejimaliza.

"Mfano mzuri," mzee akasema. "Toa mwingine."

Weee! Mifano alikuwa nayo tele. Alitoa wa mzee anayekataa kuvaa soksi alizofumiwa kisha analalamika baridi. Alitoa wa mzee anayemlaumu mpishi kwa chumvi iliyozidi ilhali ameiongeza mwenyewe. Mzee Fanueli akajitetea kwa Kiingereza chake cha kuvaa tai, Rahabu akamkatiza, mzee akamfundisha namna nzuri zaidi ya kukatiza, Rahabu akamkatiza tena kwa namna hiyohiyo. Kuanzia hapo kila jioni ikawa ni mnada. Mwanaisha alipanda siku moja na fungu la mapeasi, akasimama uani akisikiliza makelele asiyoyaelewa.

"Mnatukanana?" akauliza kwa kunong'ona.

"Tunajiandaa."

"Basi na mimi kwangu tutaanza kujiandaa," Mwanaisha akasema, akakaa kwenye gogo kusikiliza mpaka mwisho.

Ikawa karibu na safari ya Dar. Jioni ile mzee hakuanza kwa mbwembwe zake. Aliuliza polepole, na sauti haikuwa ya darasani.

"Je, ni haki mama kuwaacha watoto wake na kuuacha mji wake, akaenda nchi ya mbali kutunza wazee wa watu wengine?"

Mwiko ukasimama. Rahabu akajibu kama walivyozoea, hoja ya kwanza, hoja ya pili: ada za watoto, bati la nyumba, ujuzi atakaorudi nao.

"Hizo ni sababu za kwenye risala," mzee akasema. "Mtahini amezisikia kwa kila mtu. Nipe ya kwako."

"Kwa sababu nataka."

"Endelea."

"Nimezaliwa kule chini, kijiji cha Mnazi, nikaletwa huku juu kuolewa. Nimetoka jikoni kwenda zahanati, nimetoka zahanati kwenda jikoni. Kila nilichofanya niliagizwa au niliombwa. Hiki sikuagizwa na mtu. Nakitaka mimi, na sioni haya."

"Na mzee wa nyumbani kwake, nani atamtunza?"

"Mwanawe ana mikono. Anafunga turubai la fuso kwa mikono hiyohiyo, hawezi kushindwa na bilauri ya maji."

Mvua ilikuwa inagonga bati.

"Umejieleza vizuri," mzee akasema. "Umekimbia kidogo pale mwishoni. Somo limekwisha."

Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Chakula hakukigusa, na Mzee Fanueli hajawahi kumsusia chakula mtu. Rahabu alilia pale jikoni, hakuusingizia moshi.

Dar kulikuwa na joto la kumtoa mtu pumzi. Rahabu aliingia chumba cha mtihani na kumkuta mzee mwingine kabisa, na huyu mvi zake zilizidi za yule wa kwanza. Macho yakaanza safari ya kushuka. Akayakamata njiani. Akajiambia, huyu ni benchi tu, ana bega la kushoto kama watu wote. Akajibu maswali ya mwanzo vizuri, akibisha mahali pawili bila kulazimishwa. Kisha akapewa kadi. Ilimtaka amwelezee mtu aliyemfundisha kitu.

Hakuna kinacholegeza ulimi wa mtu wa Soni, awe mwanamke au mwanamume, kama kumsengenya mkwe. Rahabu alianza na skafu. Akaja kwenye dawa chini ya mto, akamwigiza anavyokohoa akishindwa hoja, akaeleza dirisha, benchi, ugali ulioungua. Aliongea kwa mikono, kwa mabega, kwa nyusi. Mtahini alipomkatiza muda ulipokwisha, Rahabu alinyanyua kiganja kama anavyofanya sokoni na kumwambia asubiri kwanza, hajafika patamu. Mzee wa watu akaangalia pembeni, akajikoholesha.

Majibu yalipokuja, alikuwa amepita, tena kwa kuzidi. Zahanati ilipiga vigelegele mpaka wagonjwa wakajiunga. Edgar alimbeba juujuu pale uani. Walipomgeukia mzee, alisema, "Nimesikia," akaongeza sauti ya redio.

Kesho yake benchi lilikuwa limehamishiwa ncha ya pili ya baraza, mbali na dirisha. Rahabu alifungua dirisha, akaona baraza tupu. Hakuna aliyemuuliza mtihani ulikuwaje. Wakala akapiga simu: wanataka jibu wiki hiyohiyo, anakwenda au haendi? Edgar akasema, "Nitasema naye." Akaanza kupakia kabichi.

Rahabu alimtazama mume wake anavyorusha kabichi ndani ya fuso, akahisi hasira inampanda kutoka miguuni. Aliepua sufuria. Akanawa mikono, akajifunga kanga vizuri, akatoka jikoni, akazunguka nyumba, akapanda barazani mpaka kwenye benchi. Akaamkia shikamoo, goti likapinda kama siku zote. Halafu akakaa. Hapohapo, kwenye benchi, kiwiko chake karibu na koti la mkwe wake. Jirani aliyekuwa anapanda na kuni alisimama, akatazama, kisha akaongeza mwendo ili akasimulie kabla hajasahau.

Mzee Fanueli alitazama mbele kabisa.

"Hukuniuliza nilipewa mada gani," Rahabu akasema. Alisema kwa Kishambaa, lugha ya nyumbani ambayo hakuwahi kumpinga nayo mtu aliyemzidi hata kwa mwezi mmoja.

"Mada gani?"

"Mtu aliyenifundisha kitu. Nilikusema wewe."

"Ulisemaje?"

Akamwambia. Hakuacha kitu: skafu, chumvi, dawa, na kile kikohozi, mpaka kukiigiza. Mzee alisikiliza bila kupepesa. "Na mwisho nilitaka kusema jambo lingine, nikakatizwa," Rahabu akaendelea. "Nilitaka kusema kwamba baba yangu mzazi alikufa hajawahi kuniuliza ninaonaje. Mume wangu haniulizi. Wewe uliniuliza kila jioni, na ulingoja jibu. Hilo nilitaka walisikie."

Mzee alivua miwani. Alihangaika kuifuta kwa ncha ya skafu, haikufutika.

"Naogopa," akasema. "Mama yake Edgar aliniacha hapa. Wewe ukiondoka, nikafa ukiwa huko?"

"Utakuwa umekufa nikiwa huko, Baba." Sauti hakuishusha. "Nitalia hukohuko, nikiweza kuja nitakuja, nisipoweza nitalia tu. Lakini nikibaki hapa kungoja ufe, nitakuchukia. Nitakupikia, nitakuamkia, na nitakuchukia, na wewe si mjinga, utaijua hiyo chuki kwenye chai. Sitaki kukuchukia."

Akageuka, akamtazama machoni. Yalikuwa ya kahawia, na mekundu. Miaka yote ile hakuwa anajua ni ya rangi gani.

Chini uani kabichi ziliacha kurushwa. Edgar alikuwa amesimama juu ya fuso, mdomo wazi, anatazama benchi.

"Jumapili nitauita ukoo," mzee akasema. "Lakini mimi sitasema kwamba nimekuruhusu."

"Baba..."

"Ngoja, sijamaliza. Nitasema nilikataa. Nilikataa kwa hoja zangu zote, na mkamwana wangu akanishinda. Nataka wasikie hivyo."

Na ndivyo alivyosema Jumapili, amesimama, mbele ya wajomba, mashangazi na mchungaji. Wapo waliochelewa kwa sababu ya mvua. Hao aliwasubiri wakae, akalisema tena tangu mwanzo.